Kutoka Makoroboi hadi Huaqiangbei

Kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege wa Dar es Salaam mfuko wangu wa mkononi ulisimamishwa. Mkaguzi alitoa vitu kimoja kimoja akavipanga mezani: tochi ndogo za aluminiamu, tochi za kuvaa kichwani, tesita, mizani ya sonara, mita ya kupimia mwanga, na betri za lithiamu, kila moja ndani ya kijisanduku chake cha plastiki. "Kaka, tochi zote hizi za nini?" Nikamwambia naenda nazo China kuzilinganisha na zilizoko huko. Alizikagua betri kwa muda mrefu kuliko tochi zenyewe, kisha akaridhika. Betri za aina hiyo, zikiwa nje ya kifaa, haziruhusiwi kwenye mizigo inayoingia tumboni mwa ndege. Lazima zikae na abiria, ncha zake zimefunikwa, ili moja ikishika moto wahudumu waione mara moja.

Mimi ni fundi wa tochi Mwanza, upande wa Makoroboi, mahali ambapo mafundi wa bati walikuwa wakigeuza makopo kuwa vibatari. Wateja wangu ni walinzi, vijana wa bodaboda, wavuvi wa dagaa, na akina mama wanaonunua samaki alfajiri kabla jua halijachomoza. Karabai zimepungua ziwani, na tochi ya LED imeshika nafasi kila mahali. Imekuja na maradhi yake. Siku ya kununuliwa inamulika hadi ng'ambo ya barabara. Wiki chache baadaye inarudi mezani kwangu imefifia, swichi imelegea au LED imeungua. Wafanyabiashara kadhaa wa mjini walikuwa wanachanga fedha ili waagize shehena yao wenyewe, wakaniomba nitangulie nikazipime huko huko zinakotoka. Nilikuwa sijawahi kuvuka hata mpaka wa Sirari.

Tulipotua Guangzhou simu yangu iliruka saa tano mbele. Mwili ulikuwa bado uko Mwanza usiku wa manane, nje jua limeshapanda. Nilifikia Xiaobei, sehemu ya mji ambayo Waafrika wengi wafanyao biashara huijua kuliko sehemu nyingine yoyote ya China, na kabla sijafika mlango wa hoteli nikasikia nyuma yangu mtu akibishana kwa Kiswahili cha Kariakoo kuhusu uzito wa marobota. Furaha iliyonipata siwezi kuieleza vizuri. Nilikuwa nimejiandaa kuwa bubu.

Mwenye sauti alikuwa mama mtu mzima, mzoefu wa mji ule.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umefuata nini huku?"

"Tochi."

Akanitazama juu hadi chini. "Tochi za kuuza au tochi za kuwaka?"

Nikasema za kuwaka. "Basi usizinunue hapa," akaniambia. "Hapa utapewa boksi zuri. Panda treni nenda Shenzhen, kule wanauza kilichomo ndani ya boksi." Kabla hatujaachana alinisaidia kuweka malipo kwenye simu, maana noti zangu wauzaji wengi walizipokea kwa mashaka, wakihangaika kutafuta chenji. Mimi nimezoea kuandika namba ya wakala na kuhakiki jina. Huku unaelekeza kamera kwenye kibandiko cha mraba, simu inalia, umelipa. Hata muuza viazi vitamu vya kuchoma alikuwa na kibandiko chake kwenye rukwama.

Kesho yake nilikuwa kwenye treni. Reli yetu ya kisasa ya kutoka Dar kwenda Dodoma inafika kilomita 160 kwa saa na mara ya kwanza nilipoipanda nilishikilia kiti. Namba iliyowaka juu ya mlango wa behewa hili ilipita 160 tukiwa bado hatujatoka mjini, ikaendelea mpaka karibu na 300, na bibi aliyekaa pembeni yangu alikuwa anamenya chungwa bila wasiwasi. Nilijaribu kuhesabu mashamba ya migomba nikashindwa. Kabla sijazoea, tulikuwa tumezama chini ya ardhi: kituo cha Futian, katikati ya Shenzhen, kiko chini ya barabara za mji, na unapanda ngazi za umeme moja baada ya nyingine mpaka uione mbingu.

Mahali pa pekee nilipotaka kufika panaitwa Huaqiangbei. Shenzhen ilitangazwa eneo maalumu la uchumi mwaka 1980, na soko la kwanza la vifaa vya elektroniki mtaani hapo, la SEG, lilifunguliwa mwaka 1988. Leo jengo la SEG lina ghorofa zaidi ya 70, na zile za chini ni soko tupu. Niliingia nikasimama mlangoni, watu wakinipita kushoto na kulia.

Kwetu muuzaji mmoja ana tochi, betri, kufuli, miavuli na viwembe kwenye meza moja. Huku nilikuta kibanda chenye upana wa mikono miwili kinachouza springi peke yake. Kinachofuata, swichi za nyuma ya tochi. Kinachofuata, pete za mpira za kuzuia maji, zimetundikwa kwa ukubwa. Mama mmoja anakula wali kwa vijiti huku mkono wa pili unahesabu vipande vidogo kuliko chembe ya mchele. Mtoto anafanya kazi za shule chini ya kaunta. Na kila kona kunasikika milio ya utepe wa gundi ukivutwa kufunga maboksi. Nilitembea nikigundua kwamba ile tochi ambayo kwa miaka mingi nimekuwa nikiifungua kwa shida, nikikwangua gundi, imelazwa hapa mbele yangu vipande vipande, kila kipande na bei yake. Nilikaa mle ndani hadi walinzi wakaanza kuzima taa.

Siku zilizofuata ratiba yangu ilikuwa moja. Mchana nanunua tochi moja moja za mfano. Usiku nazipima chumbani.

Njia ninayotumia haihitaji maabara. Chumba kiwe giza, dari iwe nyeupe. Unaisimamisha tochi mezani ikitazama dari, mita ya mwanga unaiweka pembeni mahali pasipobadilika, unasoma laksi, yaani kipimo cha mwanga unaoangukia mahali. Namba hiyo haikupi lumeni kamili, yaani jumla ya mwanga unaotoka kwenye tochi, lakini inalinganisha tochi na tochi bila upendeleo, kwa sababu dari inachanganya mwanga wote, ule mkali wa katikati na ule hafifu wa pembeni. Husomi papo hapo. Unasubiri sekunde 30, kisha unaendelea kusoma kila baada ya dakika chache mpaka betri ichoke. Kiwango cha Marekani cha FL1, kilichotolewa mwaka 2009 na kufuatwa na makampuni makini, nacho hupima mwanga kuanzia sekunde ya 30, kwa sababu tochi nyingi huwaka kwa kishindo dakika ya kwanza tu. Kiwango hicho hicho huhesabu muda wa kuwaka hadi mwanga ushuke kufikia asilimia 10 ya ulivyoanza. Kwa hiyo boksi likisema saa 5, nyingi kati ya hizo zinaweza kuwa za mwanga uliokwisha kunyong'onyea. Na umbali ulioandikwa ni pale ambapo mwanga umebaki robo ya laksi, karibu sawa na mbalamwezi. Wavuvi wetu wa dagaa, ambao hawaendi ziwani kukiwa na mbalamwezi, watajua mara moja ni mwanga wa kiasi gani.

Usiku wa kwanza wa kupima nilikuwa na tochi ndogo iliyoandikwa lumeni 10,000, betri moja. Hesabu yake inafanyika kwa kalamu. LED nzuri hutoa lumeni 120 hivi kwa kila wati. Lumeni 10,000 zinataka wati zaidi ya 80. Betri moja ya aina ya 18650, yaani yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, ina volti 3.7, kwa hiyo ingebidi itoe ampea zaidi ya 22 na iwe imekwisha kabla ya dakika 10, huku mkono wako ukiungua. Tesita yangu, nilipoiunganisha nyuma ya tochi mahali pa kifuniko, ilisoma ampea moja na kidogo. Huo ni mwanga wa lumeni mia kadhaa, wa kutosha kabisa kwa mlinzi. Tochi yenyewe haikuwa mbaya. Kilichokuwa kibaya ni maandishi.

Betri nazo nilizipima kwa mizani ya sonara. Zilizo bora za 18650 hubeba mAh 3,500 hivi na uzito wake ni gramu 45 hadi 50. Nilinunua moja iliyoandikwa mAh 9,900. Haikufika gramu 35. Ndani ya ganda kubwa hakuna kitu cha kutosha. Mizani ya namna hii iko kwa kila sonara mjini Mwanza, na tangu usiku ule naiona kuwa kifaa muhimu kwa muuza betri.

Nilirudi kwa muuzaji wa ile tochi, kijana mpole mwenye birika la chai kaunta, nikamuuliza kupitia programu ya kutafsiri ya simu lumeni zake za kweli ni ngapi. Nilitegemea ubishi. Akafungua droo, akatoa karatasi za maboksi yasiyokunjwa: tochi ile ile, lumeni 2,000, tochi ile ile, 5,000, 10,000, 50,000. Akaongea na simu, simu ikaniambia kwa Kiswahili chake cha kunyooka: namba huchapwa anayoitaka mnunuzi. Kisha akanimiminia chai. Nilikaa pale nikiwafikiria wateja wangu wanaolalamika kwamba Wachina wametudanganya. Oda iliyoandika 10,000 ilitoka kwetu.

Aliyenifundisha zaidi ni fundi mmoja wa kike, umri wake kama wa mama yangu mdogo, mwenye kimeza ghorofa ya juu. Nilimwona akibadilisha LED za tochi za wateja nikasimama kutazama, akanisogezea kiti bila kuuliza. Tulielewana kwa mikono kuliko kwa simu. Niliweka mbele yake tochi niliyotoka nayo Mwanza, akaifungua kwa koleo lenye midomo ya mpira, na ndani akanionyesha kwa ncha ya kidole kasoro tatu ambazo mimi nilikuwa nazijua kwa matokeo yake tu.

LED ilikuwa imekalia kisahani chembamba cha aluminiamu ambacho hakikugusa mwili wa tochi. Joto halikuwa na njia ya kutoka, ndiyo maana zinaungua. Springi ya nyuma ilikuwa ya chuma chembamba, inakula umeme kabla haujafika mbele. Na hapakuwa na saketi yoyote ya kuongoza umeme, betri imeunganishwa moja kwa moja na LED. Saketi hiyo hufanya kazi ya koki kwenye pipa la maji: bila koki, pipa likijaa maji yanatoka kwa kishindo, likipungua yanadondoka, na hupati hata mara moja mkondo wa kudumu. Ndivyo tochi zinavyowaka kwa fujo siku ya kwanza na kufifia ya pili.

Matengenezo aliyafanya taratibu ili nione. Kwenye springi aliunga waya laini wa shaba kutoka chini hadi juu, umeme upite humo. Chini ya LED aliweka kisahani cha shaba chenye kipenyo cha milimita 16, akapaka krimu ya kupitisha joto, akakikaza kwa skrubu hadi kikabana na mwili wa tochi. Kisha saketi mpya, kiduara kidogo kuliko sarafu, kilichopangwa vichipu vinavyoitwa 7135. Kila kichipu hupitisha miliampea 350, hakizidishi. Vikiwa vinane unapata ampea 2.8. Akaninyooshea vidole vitatu akainua nyusi: nataka vitatu? Nilitikisa kichwa kukubali kwa nguvu. Vitatu ni ampea moja tu na kidogo, na betri ya kweli ya mAh 3,000 itakaa karibu saa tatu. Mwanga haupungui kwa kiasi kile kile, kwa sababu LED inayopewa umeme kidogo huutumia vizuri zaidi, na jicho halioni sana tofauti ya nusu. Pia alichagua saketi yenye mwanga wa chini na wa juu basi, bila ule wa kumetameta ambao bodaboda wangu wanalazimika kuupitia kila wanapobonyeza swichi barabarani usiku.

Nilidhani tumemaliza. Akachukua kibano, akatoa kwenye mkanda wa plastiki LED nyingine, milimita 3.5 kila upande, iliyotengenezwa Japani na kampuni ya Nichia, aina ya 519A. Aliweka kisahani cha shaba juu ya bamba la moto, risasi ikayeyuka, LED ikajikalisha yenyewe mahali pake. Akaiwasha. Mwanga wake haukuwa mweupe wa kubluu niliouzoea, ulikuwa wa asubuhi. Kisha akafanya kitu ambacho sikukitegemea: akamulika kiganja changu kwa tochi yangu nyingine ya zamani ambayo hakuigusa, halafu kwa hii. Kwa ile ya zamani ngozi yangu ilikuwa ya kijivu, mistari ya kiganja haina rangi. Kwa hii niliona damu ndani ya vidole vyangu.

LED nyeupe, kwa asili, ni LED ya bluu iliyopakwa unga wa njano. Bluu hiyo iliwasumbua wataalamu miaka mingi, na waliofanikiwa, Wajapani Isamu Akasaki na Hiroshi Amano, pamoja na Shuji Nakamura aliyekuwa akifanya kazi hapo Nichia, walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Zile za bei ya chini zina bluu nyingi na nyekundu kidogo mno. Uwezo wa mwanga kuonyesha rangi hupewa alama kati ya 100: tochi za kawaida ziko karibu na 70, hii ya Nichia inapita 90. Unalipia kwa lumeni, kwani dari yangu usiku ule ilisoma laksi pungufu kidogo. Nilikubali hasara hiyo mara moja, na sababu ni samaki.

Mwanza, mama anayenunua sangara au sato saa kumi na moja alfajiri hufunua shavu la samaki na kumulika. Jekundu, ananunua. La kahawia au kijivu, anaacha. Chini ya tochi zinazouzwa kwetu mashavu yote yanafanana, na nimewasikia akina mama wakisema biashara ya alfajiri imekuwa kubahatisha. Nilishuka na tochi zangu zote mbili hadi soko la mboga na samaki karibu na hoteli. Muuzaji aliniruhusu nifunue mashavu ya samaki wake, wa leo na wa jana, nikimulika kwa zamu, na wateja wakatuzunguka kutazama. Kwa tochi ya kubluu nilishindwa kuwatenga. Kwa ile nyingine hata mtoto aliyekuwa pale alionyesha kwa kidole yupi ni wa leo.

Mwenyeji mmoja aliyejua Kiingereza akanieleza jambo lililonishangaza kuliko treni. Wauza nyama wa China walikuwa wakitundika taa zenye wekundu juu ya meza zao ili nyama ionekane imechinjwa sasa hivi, na serikali ikapiga marufuku: kuanzia tarehe 1 Desemba 2023, kanuni za masoko ya vyakula zinakataza taa inayobadilisha rangi ya chakula ikampotosha mnunuzi. Nilitazama juu. Taa za soko lile zilikuwa nyeupe za kawaida.

Safari ya kurudi ilikuwa fupi machoni pangu, nililala njia nzima. Sikubeba tochi nyingi. Nilibeba mikanda ya LED za alama 90, visahani vya shaba, saketi za vichipu vitatu, springi, swichi na mirija ya krimu, vyote vikatosha kwenye begi moja, na vyote fundi yeyote wa redio au simu anaweza kuvifunga kwa vifaa alivyonavyo tayari. Mwili wa tochi za bei nafuu zilizojaa madukani kwetu si mbaya, na hauhitaji kuagizwa tena.

Kwa wafanyabiashara walionituma, na kwa yeyote mwingine anayekusanya fedha kuagiza shehena, ushauri wangu ni huu: agizeni vipuri kwanza, muwape mafundi. Mkiagiza tochi nzima, takeni LED ya Kelvini 4,000, yaani ya mwanga usio wa kubluu, yenye alama 90, takeni saketi isiyo na kumetameta, pimeni betri kwa mizani kabla ya kulipa salio, na kwenye oda andikeni lumeni za kweli. Nilimuuliza yule kijana wa Huaqiangbei. Kuchapa namba ya kweli kwenye boksi hakuongezi bei hata senti.